Jeni, Sigara na Shinikizo la Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo watu wa Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi mwa Kenya huyauliza wanapoambiwa kwamba wao au jamaa zao wana shinikizo la damu, na hasa pale mvutaji wa sigara anapokuwa miongoni mwao. Neno "presha" limetumika humu kama linavyotumika kwenye foleni ya zahanati, yaani kwa maana ya shinikizo la damu lenyewe na pia ya ugonjwa wa kupanda kwake.

Presha huhesabiwa kuwa imepanda ikifika wapi?

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa wakati moyo unapojikaza, na namba ya chini ni nguvu hiyo wakati moyo umelegea kati ya pigo na pigo. Nchini Kenya mtu mzima huhesabiwa kuwa na presha ikiwa vipimo vya siku tofauti vinafika 140 kwa 90 au kuzidi, na inatosha namba moja tu kati ya hizo mbili kuvuka mpaka wake. Mwaka 2017 Marekani iliushusha mpaka huo hadi 130 kwa 80, ndiyo sababu anayesoma mtandaoni hukuta maandishi yanayopingana.

Kwetu karibu kila mtu ana presha. Je, nami nimeshaandikiwa?

Hujaandikiwa, ingawa una sababu ya kuanza kujipima mapema kuliko jirani yako. Tafiti za mapacha na za familia hukadiria kwamba asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha baina ya watu hutokana na urithi. Kadirio hilo husomwa vibaya mara nyingi sana. Halisemi kwamba nusu ya presha yako imetoka kwa wazazi na nusu nyingine umejitafutia mwenyewe. Linasema kwamba, katika kundi la watu wanaoishi kwa namna fulani, sehemu hiyo ya tofauti zao inaelezwa na jeni. Watu hao wakibadilisha namna ya kuishi, hesabu nayo hubadilika.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua haukutoka ng'ambo, bali ulitoka hapa hapa ziwani. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilianza kuzidi ya waliobaki muda mfupi tu baada ya kufika mjini. Uzito wao na mapigo ya moyo pia yalikuwa juu zaidi, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi kwa kulinganisha na potasiamu, jambo linaloashiria chumvi nyingi na upungufu wa vyakula vya shambani. Jeni zao zilipanda basi pamoja nao, zikashuka Nairobi zikiwa zile zile.

Isitoshe, presha si jambo la ukoo mmoja. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulikuta kwamba takriban nusu yao walikuwa nayo. Katika hali kama hiyo, karibu kila familia ina wagonjwa wa kuhesabu, na si rahisi kusema kwa kutazama tu kwamba chanzo ni damu ya ukoo. Familia hurithishana jeni, lakini hurithishana pia mkono wa kutia chumvi chunguni, na aghalabu mtoto wa kiume huanza kuvuta kwa kuokota kichungi alichotupa baba yake au mjomba wake.

Jeni ya presha ni ipi hasa?

Hakuna jeni moja. Kuna maeneo zaidi ya elfu moja katika vinasaba vya binadamu, yaani DNA inayobeba jeni zote, ambayo yamehusishwa na presha, na kila moja huongeza au kupunguza kiasi kidogo mno, mara nyingi chini ya milimita moja ya zebaki, yaani chini ya alama moja kwenye mashine. Mtu aliyerithi nyingi za kupandisha huanza maisha akiwa juu kidogo ya wenzake. Sehemu kubwa ya jeni ambazo kazi yake inaeleweka vizuri huhusika na jinsi figo zinavyohifadhi au kutoa chumvi, na nyingine huhusika na kukaza na kulegeza mishipa.

Yapo magonjwa adimu ambapo hitilafu ya jeni moja inatosha kupandisha presha kwa nguvu tangu ujana. Mfano ni ugonjwa wa Liddle, ambao huzifanya figo zirudishe chumvi mwilini bila breki, na ambao hutibiwa kwa dawa iitwayo amiloride. Daktari huanza kuufikiria mgonjwa anapokuwa kijana mwenye presha kali, potasiamu yake ikiwa chini, na jamaa kadhaa wakiwa na hali hiyo hiyo. Kwa wengine wote, "jeni ya presha" ni usemi wa mkato tu.

Sigara huipandishaje presha?

Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya kuvuta, ikaamsha mfumo wa neva unaouandaa mwili kwa hatari, na adrenalini ikamwagika. Moyo hupiga kwa kasi zaidi, mishipa midogo hukazwa, na namba ya juu hupanda kwa kawaida kati ya alama 5 na 10, wakati mwingine zaidi, kisha hushuka baada ya nusu saa hivi. Sigara ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye kishindo kikubwa, kwa kuwa mwili umelala usiku kucha bila nikotini.

Hayo ni ya muda. Yanayodumu hutoka kwenye moshi wenyewe, ambao hujeruhi utando laini wa ndani ya mishipa. Utando huo hutengeneza nitriki oksidi, gesi inayoiamuru mishipa ilegee. Ukijeruhiwa, amri hiyo hudhoofika, mafuta huanza kujijenga ukutani na mshipa hukakamaa. Wakati huo huo kaboni monoksidi, gesi yenye sumu iliyo ndani ya moshi, hushikana na himoglobini, kibebaji cha oksijeni katika damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo moyo hulazimika kufanya kazi zaidi huku ukipewa oksijeni kidogo. Mishipa inayopeleka damu kwenye figo ikizibwa kwa njia hii, figo hudhani kwamba damu imepungua mwilini na kuagiza presha ipandishwe, na presha ya namna hiyo huwa sugu kwa dawa.

Navuta miaka mingi na presha yangu ni ya kawaida. Mbona?

Swali hili linastahili jibu la kweli kuliko vitisho, maana wavutaji wengi hulisema kwa haki. Katika tafiti nyingi, presha ya wavutaji inayopimwa kliniki inalingana na ya wasiovuta, na wakati mwingine iko chini kidogo. Sababu moja ni uzito: nikotini hupunguza hamu ya kula, wavutaji wengi ni wembamba, na wembamba hushusha presha. Sababu ya pili ni mahali na wakati wa kupimwa. Mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati tangu saa moja asubuhi, bila kuruhusiwa kuvuta ndani, hupimwa akiwa katika saa yake tulivu kuliko zote. Mtu yule yule akivishwa mashine inayopima kila baada ya dakika ishirini au thelathini mchana kutwa, akiwa kazini kwake na pakiti yake mfukoni, aghalabu namba huonekana kuwa juu zaidi. Hali ya presha kujificha kliniki na kujitokeza nje yake hupatikana zaidi kwa wavutaji.

Wanasayansi wamejaribu pia kutumia jeni zenyewe kulipima jambo hili. Kwa kuwa baadhi ya watu wamerithi alama ya jeni inayowafanya wavute sigara nyingi zaidi, inawezekana kuuliza kama wavutaji wenye alama hiyo wana presha ya juu kuliko wavutaji wasio nayo. Jibu lililopatikana ni kwamba mapigo yao ya moyo yalikuwa juu zaidi, lakini athari kwenye presha ya kupumzika haikuonekana wazi. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba sigara ndiyo iliyompa kila mgonjwa presha yake. Ubaya wake mkubwa uko katika kile unachokifanya juu ya presha iliyopo, nasi tunaufikia katika swali linalofuata.

Basi jeni na sigara hukutana wapi?

Hukutana mahali kadhaa, na si vizuri kuzichanganya njia hizo kwa sababu kila moja ina uzito wake.

Njia ya kwanza ni kwamba jeni huathiri uvutaji wenyewe. Katika kromosomu ya 15 kuna jeni iitwayo CHRNA5, inayotengeneza sehemu ya kipokezi cha nikotini katika ubongo. Wavutaji wenye umbo fulani la jeni hiyo huvuta sigara nyingi zaidi kwa siku na huona ugumu zaidi kuacha. Nyingine ni CYP2A6, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha ini kinachovunja nikotini. Ambaye kimeng'enya chake hufanya kazi polepole hukaa na nikotini muda mrefu zaidi na kwa kawaida huvuta kidogo. Ambaye chake ni chepesi huhitaji kuwasha nyingine upesi. Ndiyo maana marafiki wawili wanaweza kuanza kuvuta siku moja kwenye steji ya boda boda, mmoja akaacha kwa wiki mbili na mwenzake akahangaika miaka kumi, wala wa pili si dhaifu wa moyo.

Njia ya pili ndiyo hasa inayoitwa mwingiliano, yaani jeni fulani kupandisha presha kwa kiasi kimoja kwa mvutaji na kwa kiasi kingine kwa asiyevuta. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa uliohusisha watu zaidi ya 600,000 wa asili mbalimbali, ambao uliingiza uvutaji ndani ya hesabu ya jeni na presha. Uligundua maeneo mengi mapya ya vinasaba yanayohusiana na presha, na baadhi yalionekana kwa watu wenye asili ya Kiafrika tu. Hata hivyo, yale machache ambayo athari yake ilionekana kutofautiana kati ya wavutaji na wasiovuta hayakuthibitika yalipojaribiwa tena katika kundi la pili la watu. Kwa maoni yangu, hilo ndilo fundisho la utafiti huo kwa msomaji wa kawaida: mwingiliano wa moja kwa moja, kama upo, umegawanyika katika vipande vidogo vidogo, na hakuna mtu leo anayeweza kukutazama jeni zako akakwambia kwamba sigara kwako ni salama. Jambo jingine ni kwamba sehemu kubwa ya tafiti za jeni duniani zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali vinasaba vya Waafrika ndivyo vyenye aina nyingi kuliko vyote, kwa hiyo kinachotuhusu sisi bado kimechimbwa juu juu.

Njia ya tatu haibadilishi herufi za jeni ila hubadilisha jinsi zinavyosomwa. Moshi wa sigara huacha alama za kikemikali juu ya vinasaba, na jeni iitwayo AHRR ndiyo inayojulikana zaidi kwa kubeba alama hizo, kiasi kwamba damu ya mtu inaweza kuonyesha kama amekuwa akivuta hata akikana. Mtu akiacha, nyingi za alama hizo hurudi polepole kuelekea hali ya awali kwa miaka.

Njia ya nne haiko ndani ya kiini cha seli bali kwenye ukuta wa mshipa, na ndiyo nzito kuliko zote. Mtu amerithi mwelekeo wa presha. Damu inausukuma ukuta kwa nguvu kila sekunde. Kisha moshi unaukwaruza ukuta huo huo na kuifanya damu igande kwa urahisi. Jeni na sigara hazihitaji kujuana ili zikutane hapo. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, ambazo hukadiria uwezekano wa mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka kumi, huweka uvutaji na namba ya juu ya presha kwenye jedwali moja, na mtu akisogeza kidole kutoka safu ya asiyevuta kwenda ya mvutaji mwenye presha ile ile, mara nyingi rangi hubadilika kuwa ya hatari kubwa zaidi.

Babu yangu alivuta kiko hadi akafikisha miaka 90. Je, si ushahidi kwamba jeni zetu ni imara?

Huenda alikuwa na jeni nzuri, huenda alikuwa na bahati, na huenda alitembea kilomita nyingi kila siku na kula mboga za kienyeji na samaki kuliko wewe. Wewe umerithi kutoka kwake takriban robo tu ya vinasaba vyako. Pia rika lake waliovuta wakafa na miaka 55 hawakai kwenye viti vya heshima katika sherehe za familia ili tuwahesabu.

Navuta mbili tu kwa siku. Hiyo nayo ni hatari?

Ni hatari kuliko hesabu ya kawaida inavyoonyesha. Mtu angetarajia kwamba sigara moja kwa siku ina sehemu moja ya ishirini ya hatari ya pakiti nzima. Kwa saratani ya mapafu hesabu hiyo ingekaribia, lakini kwa moyo sivyo: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya nyongeza ya hatari ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mwenye kuvuta ishirini. Kwa hiyo kununua moja moja dukani husaidia mfuko kuliko moyo.

Je, ugoro, tumbaku ya kutafuna na shisha?

Ugoro na tumbaku ya kutafuna hazina moshi, lakini zina nikotini, na nikotini hupandisha mapigo na presha kwa muda, kupitia puani au kwenye ufizi. Bibi anayenusa ugoro muda mfupi kabla ya kupimwa atapata namba isiyo yake. Shisha ina moshi na kaboni monoksidi nyingi itokayo kwenye makaa yake, na maji hayaichuji kama watu wanavyodhani. Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017. Wakulima wa tumbaku wa Migori na Bungoma nao wanapaswa kujua kwamba majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta, na kizunguzungu na kutapika wakati wa kuvuna mara nyingi hutokana na hilo.

Kuna kipimo cha jeni ninachoweza kulipia?

Kwa presha ya kawaida, hifadhi pesa zako. Vipimo vinavyojumlisha maelfu ya alama za jeni na kutoa alama moja ya hatari vilijengwa zaidi kwa takwimu za Wazungu, navyo hukosea zaidi kwa Mwafrika. Hata vingekuwa sahihi, visingebadilisha ushauri. Nchini Uingereza, utafiti wa watu zaidi ya 270,000 uliwagawa washiriki kwa hatari yao ya kurithi, ukakuta kwamba katika kila daraja, la chini, la kati na la juu, walioishi vizuri kwa chakula, uzito, mazoezi, pombe na kutovuta walikuwa na namba ya juu iliyo pungufu kwa alama 4 hadi 5 hivi ikilinganishwa na walioishi vibaya. Kipimo cha jeni kisicho na gharama ni kumkalisha mama au shangazi na kumuuliza nani alipata presha, kiharusi au ugonjwa wa figo, na akiwa na umri gani. Aliyeugua kabla ya miaka 55 ana uzito zaidi katika historia hiyo kuliko aliyeugua akiwa na 80.

Nikiacha kuvuta, presha itashuka?

Mapigo ya moyo na presha huanza kushuka ndani ya dakika ishirini tangu sigara ya mwisho, na kaboni monoksidi hupungua hadi kiwango cha kawaida ndani ya siku moja hivi. Baada ya mwaka mmoja, nyongeza ya hatari ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua kwa takriban nusu. Lakini usishangae kama kipimo cha kliniki hakitashuka sana, au kikapanda kidogo, kwa sababu wanaoacha huongezeka uzito, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na uzito hupandisha presha. Watu wengine wameona namba hiyo wakahitimisha kwamba mwili wao "umeshazoea" sigara na wakarudi kuivuta. Hatari ya moyo imeshuka hata kama namba haijashuka. Kinachobaki ni kushughulikia sahani.

Vibandiko vya ngozi na chingamu za nikotini hutumika kusaidia kuacha, hata kwa mwenye presha, mradi mhudumu wa afya ajulishwe.

Nimeandikiwa dawa za presha. Naweza kuendelea kuvuta kidogo kidogo?

Dawa itashusha namba, lakini haitaukarabati utando unaojeruhiwa kila siku. Baadhi ya dawa pia huvunjwa upesi zaidi katika ini la mvutaji. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 1985, propranolol ilipunguza kiharusi kwa wasiovuta lakini si kwa wavutaji. Leo dawa hiyo si chaguo la kwanza kwa presha, na wengi hapa huanzishiwa amlodipine au dawa za kuongeza mkojo. Usiache dawa kwa sababu umeacha sigara, wala usiendelee na sigara ukingoja dawa ikamilishe kazi.

Nipimweje ili namba niliyopewa iwe ya kweli?

Kaa angalau nusu saa bila sigara, ugoro, kahawa wala chai ya rangi. Enda haja ndogo kwanza. Keti dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiwa umeegemea, miguu ikikanyaga chini bila kupishana, na mkono ukiwa mezani kwa usawa wa moyo, mkanda ukifungwa juu ya ngozi na si juu ya sweta. Pima mara mbili. Si lazima ufike hospitali kubwa, iwe ile ya rufaa ya Nakuru au ile ya Kisumu ambayo wenyeji bado huiita Russia. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa vifaa kuanzia mwaka 2023 hubeba mashine ya presha nyumba kwa nyumba. Kwa mvutaji, kipimo kimoja kisichokuwa na sigara kinaonyesha nusu tu ya siku yake, hivyo ni vyema kupima nyumbani kwa saa tofauti kwa wiki moja na kuandika kila namba. Na mhudumu akikuuliza kama umevuta leo, mwambie saa kamili, naye aiandike kando ya kipimo.